Ramani ya kitambaa ya marubani wa vita: nimeinunua, nimeiloweka, nawapa majibu

Kwa wale wenzangu wa vitu vya Vita Kuu ya Pili, nimeagiza mtandaoni nakala ya ile ramani ya kutorokea waliyokuwa wanapewa marubani wa ndege za mabomu wa Uingereza. Inakuja kwenye boksi na dira iliyofichwa ndani ya kifungo cha nguo, pamoja na kijitabu cha maelezo. Duka silitaji. Kifupi: ramani safi, dira ya hovyo, kijitabu ndo kimeniudhi.

Ramani kwanza. Upande mmoja una Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani, ukigeuza unapata Ufaransa mpaka Hispania na Ureno, na ukubwa wake ni kama mtandio mdogo hivi. Sio hariri, ni polista, muuzaji kaandika "kama hariri" kwahiyo soma vizuri kabla hujalipa, ingawa hata zile za zamani sio zote zilikuwa hariri, nyingine walichapa kwenye reyoni, kitambaa cha nyuzi za kutengenezwa. Nimeikunja ikaingia ndani ya ukosi wa shati bila kutuna, nikaifinyanga mkononi, haitoi sauti kabisa, na hiyo ndo sababu hawakutumia karatasi maana umejificha kwenye zizi la mtu usiku doria ya Mjerumani inapita nje halafu wewe unakunjua karatasi krr krr si umekwisha, na mvua ikinyesha hiyo karatasi yenyewe inakuwa uji.

Kazi hii ilikuwa ya MI9, idara ya siri ya Uingereza iliyoanzishwa Desemba 1939 kushughulikia wanajeshi wanaokwepa kukamatwa na wanaotoroka. Pale kulikuwa na jamaa wa vituko sana, Christopher Clayton Hutton, ndo alikwenda kwa kampuni ya Bartholomew ya Edinburgh wakampa ramani zao bila kudai chochote. Shida ikawa wino unasambaa kwenye hariri, mpaka wakauchanganya na pektini, ile ile inayogandisha jemu. Wachapaji wakawa Waddington wa Leeds, ndo hao hao waliokuwa wanatengeneza mchezo wa mezani wa Monopoly kule Uingereza. Yangu nimeilaza kwenye beseni la maji ya sabuni usiku kucha na wino haujatoka hata kidogo. Ila pasi usiweke moto mkali, ya kwangu imejikunja pembeni.

Dira sasa. Vile vifungo vya zamani baadhi vilikuwa vinafunguka kwa kuzungusha kinyume na kawaida, ili Mjerumani akivitilia shaka na kujaribu kufungua azidi kukaza, akili kubwa sana ile. Hiki changu kinafunguka kama kizibo cha chupa ya soda na sindano inaonyesha kaskazini siku ikijisikia.

Haya, kijitabu. Kinasimulia kana kwamba rubani alishuka na mwavuli wa parachuti, akatoa ramani, akatembea zake mpaka nyumbani. Jamani. Ramani ilikuwa inamfaa zaidi siku zile za mwanzo, anafukia mwavuli, anajua mto ule ni upi na mpaka uko wapi. Baada ya hapo ana njaa, kavaa yunifomu, lugha ya watu hajui, kituo cha treni kimejaa askari, ataendaje Hispania, nchi isiyokuwa vitani? Angus MacLean, Mkanada aliyekuwa rubani wa ndege ya mabomu aina ya Halifax, aliangushwa Uholanzi Juni 1942 wakitoka kupiga mji wa Essen, Ujerumani. Wiki kama 10 alikuwa ndani ya nchi zilizokaliwa na Wajerumani na akatoka salama, baadaye sana akaja kuwa Waziri Mkuu wa jimbo la Prince Edward Island, lakini aliyemvusha sio kitambaa, ni raia waliomficha na kumpitisha mkono kwa mkono kwenye mtandao wa Comet.

Na Comet kijitabu hakijaigusa hata mstari mmoja! Iliongozwa na binti wa Kibelgiji wa miaka 24, Andrée de Jongh, aliyetokea kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza Bilbao, Hispania, Agosti 1941 na Mskoti mmoja na Wabelgiji wawili, kawaleta mwenyewe kutoka Brussels kupitia Paris na milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Milimani kiongozi wao mkubwa alikuwa Florentino Goikoetxea, Mbaski mfanya magendo, njia za usiku na mto Bidasoa alikuwa anazijua kuliko ramani yoyote. Rubani akikamatwa na yunifomu anapelekwa kambi ya mateka, ila aliyemficha ni risasi au kambi za mateso. Andrée alikamatwa Januari 1943 karibu na mpaka, akapelekwa kambi za mateso za Ravensbrück na Mauthausen, akapona, baba yake wakampiga risasi Paris 1944. Vita vilipoisha akasomea unesi akaja kuhudumia wagonjwa wa ukoma Kongo, hapa hapa Afrika kwetu, na baadaye Ethiopia. Stori yote hiyo ipo halafu mtu anajaza kurasa na picha za ndege.

Nyota 3 kati ya 5, zote za ramani. Ukiagiza chagua ile inayouzwa peke yake bila boksi, bei inashuka karibu nusu.