Amitriptilini usiku, viatu vipana mchana: uzoefu wangu na miguu inayowaka moto

Haya nawaandikia wenye kisukari ambao miguu inawawaka usiku, na ndugu zao wanaowaona wakigaagaa kitandani bila kujua wawasaidieje. Mimi ni fundi cherehani, naishi Tanga, na kisukari cha aina ya pili ninacho miaka mingi sasa. Nyayo zangu ziliwaka kama nimekanyaga makaa, usiku baada ya usiku. Siku hizi nalala. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kidonge kidogo cha amitriptilini nilichoandikiwa kwenye kliniki ya kisukari ya hospitali ya serikali. Si dawa mpya wala si ghali, na ajabu yake ni kwamba wagonjwa wengi ninaokutana nao hawajawahi kuisikia.

Kwanza maumivu yenyewe, maana asiyeyajua hudhani ni uchovu. Mchana ukiwa umeshughulika na kazi yanatulia kidogo, giza likiingia yanapanda. Vidole vinachomachoma, unyayo unawaka, halafu inapita mishtuko ya ghafla inayokurusha. Shuka nyepesi ya pamba ikigusa vidole inauma. Mke wangu alizoea kuikunja shuka iishie magotini kwangu. Na mguu huohuo unaouma hivyo, ukiugusa kwa makusudi hauhisi vizuri. Nikiwa kwenye cherehani ya kukanyaga nilikuwa nainama kutazama kama mguu bado uko juu ya pedeli. Maumivu na ganzi vinakaa pamoja, na hilo ndilo linalowachanganya watu.

Parasetamoli haikunigusa kabisa. Diklofenaki nayo ilikuwa hivyohivyo, na daktari aliponisikia nikiitaja alikunja uso: "Mzee wangu, hiyo acha. Figo za mwenye kisukari zina kazi ya kutosha." Akanieleza kwamba dawa hizo zimekusudiwa uvimbe, jeraha, homa. Hapa hakuna jeraha linalouma. Sukari ya muda mrefu imeharibu mishipa ya fahamu, yaani neva, ikianzia ile mirefu kuliko yote, yaani inayofika vidoleni, na mishipa hiyo iliyoharibika inatuma taarifa za maumivu yenyewe bila kuguswa na kitu. Ndiyo maana inahitaji dawa za namna nyingine, zinazotuliza hizo taarifa zenyewe.

Nisifie kliniki ile kwa jambo moja: walinivua viatu. Nimewahi kuhudhuria mahali ambapo sukari inapimwa, karatasi inaandikwa, unaondoka, na hakuna aliyewahi kutazama nyayo zako. Hapa nesi aliniketisha, akasema, "Baba, fumba macho. Ukihisi nimekugusa, sema ndiyo." Alikuwa na uzi mgumu wa plastiki unaopinda ukibanwa kwa nguvu ya gramu 10. Kisiginoni nilisema ndiyo. Kisha kimya kirefu, nikadhani amesita. Nilipofumbua macho uzi ulikuwa umepinda juu ya dole gumba langu na mimi sina habari. Baadaye akaweka chuma chenye ncha mbili kinachotetemeka juu ya mfupa wa kidole, akanitaka niseme mtetemo unakwisha lini. Akapapasa mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo, akakagua katikati ya vidole. Uchunguzi huo hauna mashine kubwa wala hauchukui muda. Mafunzo ya namna hii kwa madaktari na manesi wetu yalianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia mradi ulioitwa Step by Step, ulioanzia nchi kadhaa zikiwemo Tanzania na India, na nikiwa pale kitini niliona faida yake.

Daktari aliuliza mambo ambayo sikuyatarajia: kama nakunywa pombe, kama nimewahi kutumia dawa za kifua kikuu, kama nimepima virusi vya ukimwi. Vyote hivyo vinaweza kuharibu neva za miguu, na si kila mwenye kisukari neva zake zimeharibiwa na kisukari peke yake. Kwangu alishuku kitu kingine. Nimemeza metformini, vidonge vya kushusha sukari, kwa miaka, na metformini ikitumika muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12 mwilini. Upungufu huo peke yake unaleta ganzi na kuwaka moto. Kipimo nilikifanya maabara ya nje, majibu yakaonyesha B12 iko chini, nikaanzishiwa sindano. Mwenye kutumia metformini na miguu inawaka, uliza kuhusu kipimo hiki. Usiende tu dukani kununua vidonge vya vitamini B mchanganyiko na kuvimeza miaka nenda miaka rudi, kwa sababu vitamini B6 ikizidi sana nayo inaharibu neva hizohizo.

Sasa kidonge. Amitriptilini ilitengenezwa kwa ajili ya sonona, na ndiyo maana shemeji yangu aliposoma karatasi ya ndani ya boksi alinipigia simu kwa hofu: "Shemeji, mbona wamekupa dawa ya wagonjwa wa akili?" Kwa maumivu ya neva kipimo huwa kidogo kuliko cha sonona. Mimi nilianza na miligramu 10 jioni, baadaye daktari akapandisha hadi 25. Siku za mwanzo sikuona lolote zaidi ya usingizi mzito na mdomo kukauka, na hapa ndipo wengi wanapoitupa. Nafuu ilikuja polepole kwa wiki kadhaa. Kwanza ilipungua ile mishtuko, kisha moto ukashuka, hadi nikagundua kwamba nimelala mpaka adhana ya alfajiri bila kuamka. Maumivu hayajaisha, nisidanganye mtu. Yamebaki kiasi cha kuvumilika, na kwa aliyekosa usingizi muda mrefu tofauti hiyo ni kubwa mno.

Maudhi yake ni ya kweli. Mdomo unakauka hadi ulimi unanata, kwa hiyo kikombe cha maji hakiondoki kitandani kwangu. Choo kinakuwa kigumu, nikaongeza mchicha na papai. Nilipokuwa naimeza saa ya kulala niliamka na uzito kichwani, nikashona mkono wa shati upande usio wake. Daktari akaniambia niimeze mapema, mara baada ya swala ya magharibi, na uzito ule ukaisha asubuhi. Ukiinuka ghafla usiku kizunguzungu kinakuja, hivyo kaa kwanza pembeni ya kitanda. Wapo wasioifaa: mwenye shida ya mapigo ya moyo, mwenye tezi dume linalozuia mkojo, mwenye presha ya macho. Mimi nilipimwa moyo kwanza, na simshauri mtu yeyote aipate kwa kuazima vidonge vya jirani.

Dada yangu aliyeko Muheza ana tatizo hilihili na yeye amepewa pregabalini. Inamsaidia, lakini miguu ilimvimba na kizunguzungu kilimsumbua, na kila mwezi analalamikia bei. Gabapentini ni jamaa yake wa karibu. Zote mbili hutolewa kwa mkojo, kwa hiyo ambaye figo zimedhoofu lazima apunguziwe kipimo. Nilidhani dawa yake ya bei kubwa ndiyo bora na mimi nimepewa ya kimaskini. Daktari alinitoa wasiwasi huo: utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulilinganisha amitriptilini, duloksetini (nayo ni dawa ya sonona) na pregabalini kwa wagonjwa wa kisukari, ukaona zinapunguza maumivu kwa kiwango kinachokaribiana, na kwamba asiyetosheka na moja anaweza kuongezewa ya pili. Kinachoamua ni maradhi mengine uliyonayo, maudhi unayoweza kuyavumilia, na mfuko wako.

Krimu ya kapsaisini, ile inayotokana na pilipili, niliijaribu kwenye mguu wa kulia. Siku za mwanzo inaongeza moto juu ya moto. Kapsaisini inagusa kipokezi kilekile cha neva kinachohisi joto kali (ugunduzi wa kipokezi hicho ulimpa David Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021), na ukiipaka mara kwa mara neva zinachoka kutuma taarifa. Nafuu niliipata, lakini ni lazima upake mara kadhaa kwa siku, na mtu anayeshika vitambaa vya wateja kutwa hawezi kazi hiyo. Nikaiacha. Anayekaa nyumbani huenda ikamfaa, ila anawe mikono vizuri kabla ya kugusa macho, na asipake penye mchubuko. Kuponda pilipili mbichi na kujipaka, kama nilivyoshauriwa na zaidi ya mtu mmoja, ni kujichoma mguu usiohisi.

Kuna pia mashine za beseni la maji zinazotangazwa kwamba zinatoa sumu kupitia nyayo. Muuzaji mmoja alikuja nayo mtaani kwetu, akaitumbukiza kwenye maji ya chumvi, akamwonyesha mama mmoja jinsi maji yanavyogeuka ya kahawia kwa "sumu ya kisukari". Nilimwomba aiwashe tena kwenye maji mapya bila miguu ya mtu. Yakageuka rangi ileile. Ni chuma kinachoozeshwa na umeme ndani ya maji ya chumvi. Yule mama alikuwa ameshafungua pochi, na fedha alizotaka kutoa zingemnunulia amitriptilini kwa muda mrefu sana. Hasira niliyokuwa nayo siku ile ninayo mpaka leo.

Jambo ambalo nesi alilisisitiza kuliko daktari ni hili: dawa inanyamazisha maumivu, hairudishi hisia. Mguu wangu umetulia lakini bado haujui umekanyaga nini. Kwa fundi cherehani hilo ni hatari ya kila siku, sakafu yangu ina pini. Sasa nafagia kwa sumaku, nakung'uta viatu kabla ya kuvaa, na kila usiku mke wangu anatazama nyayo zangu kwa tochi ya simu, mahali nisipofika mimi. Ndala nimeziacha hata ndani ya nyumba. Fundi viatu wa jirani alinitengenezea viatu vya ngozi laini, vipana mbele, visivyo na mshono unaosugua vidole, na sugu iliyokuwa chini ya dole gumba imepungua. Miguu siichovyi kwenye maji ya moto hata yakinivutia vipi wakati wa baridi. Maji anayapima mke wangu kwa kiwiko.

Na chandarua nakichomeka vizuri chini ya godoro, si kwa sababu ya mbu peke yao. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasihisi kitu, wakagundua asubuhi. Baadhi yao vidonda vilikuwa vibaya sana. Nilipoambiwa hilo nikanunua mitego siku hiyohiyo.

Sukari nayo inapaswa kushuka, hakuna dawa ya maumivu inayochukua nafasi ya hilo. Ila daktari alinikataza kuishusha kwa pupa. Ikiwa imekaa juu muda mrefu kisha ikaporomoshwa ghafla, maumivu ya neva yanaweza kulipuka upya. Tunatazama kipimo cha wastani wa miezi mitatu, kinateremka taratibu.

Kuhusu kliniki yenyewe, foleni ni ndefu, njoo na maji na chakula chako, na kuna miezi amitriptilini inakosekana dirishani ikabidi kununua nje. Nje nako bei yake haitishi. Usikubali kubadilishiwa na muuza duka wala usiikate ghafla ikiisha; omba karatasi ya dawa ukiwa bado na vidonge vya wiki moja. Miadi yangu inayofuata nitauliza kama naweza kurudi kwenye miligramu 10, maana huu mdomo mkavu bado sijauzoea, na nataka kujua kama B12 ikipanda vya kutosha nitahitaji dawa kidogo zaidi. Anayekwenda kliniki wiki hii aombe vitu vitatu: miguu yake ikaguliwe bila viatu, B12 ipimwe kama anatumia metformini, na aambiwe waziwazi kama maumivu yake ni ya neva.