Wakia ya troy au wakia ya kawaida: upime kwa ipi?

Wakia hizi mbili za Uingereza, vipimo vya uzito, hazilingani. Ya troy ni gramu 31.1, ya kawaida (avoirdupois) ni 28.35. Kwenye ratili mambo yanageuka: ya troy ina wakia 12 tu, gramu 373, ya kawaida ina 16, gramu 454.

Kwa dhahabu shika troy, maana bei ya soko la dunia hutajwa hivyo. Kwa unga au nyama, ya kawaida.

Hatari ipo kwenye mizani ya jikoni. "Oz" yake (kifupi cha wakia kwa Kiingereza) ni ya kawaida. Ukiisoma kama troy, mnunuzi analipia karibu asilimia 10 zaidi ya dhahabu iliyopo. Ni bora upime kwa gramu, kisha ugawe kwa 31.1035 upate wakia za troy.