Mahamri au bhajia za viazi?

Asubuhi sina ubishi, ni mahamri. Ya Pwani hasa: tui la nazi, iliki, hamira, yakifura kwenye mafuta hadi ndani kubaki uwazi wa kutilia mbaazi. Mandazi mengi ya vibanda vya Nairobi hayana nazi, na yakipoa hayashuki bila chai.

Jioni nahamia bhajia. Asili yake ni India, na Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kituo cha reli iliyojengwa na vibarua wengi wa Kihindi. Viazi hukatwa vyembamba, vikachovywa kwenye unga wa dengu wenye dhania na pilipili. Mtaa wa Parklands, Nairobi, utazipata na chatini ya nyanya. Chatini ikiwa majimaji, mimi sinunui.