Talaka mahakamani Uganda: huduma nzuri kwa aliyejiandaa

Kwa waliofunga ndoa kanisani au bomani, huduma hii ni bora kuliko inavyosemwa mitaani. Kwanza, haikulazimishi kwenda Mahakama Kuu. Shauri la Waafrika wawili husikilizwa na Hakimu Mkuu, hata Hakimu wa Daraja la Kwanza, kwa hiyo mtu wa Arua, mbali kaskazini-magharibi, hana haja ya nauli ya Kampala. Sharti ni kwamba mwombaji awe na maskani ya kudumu Uganda siku anapofungua shauri; kibali cha kazi peke yake hakimpi mgeni sifa hiyo.

Cheti cha ndoa kikipotea, omba mapema nakala iliyothibitishwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Kama kanisa halikupeleka taarifa za ndoa yenu huko, utaanza kwa kumfuata mchungaji.

Ugumu wenyewe uko kwenye sababu. Sheria ya Talaka inadai kosa: uzinzi, ukatili, kutelekezwa miaka 2 au zaidi, na mengine machache. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2004, katika kesi iliyofunguliwa na FIDA, chama cha wanasheria wanawake, mke hadaiwi tena kuongeza kosa la pili juu ya uzinzi. Mizani ni moja kwa wote. Lakini kuandika "ananitesa" tu ni kujimaliza. Taja tarehe, mahali, nani aliona. Ambatisha fomu ya polisi ya matibabu na barua ya LC (baraza la mtaa) ikiwepo. Ukidai uzinzi, aliyezini na mwenzako, akijulikana, huunganishwa kwenye shauri, na hapo ndipo majirani huanza kuogopa kutoa ushahidi.

Mitego miwili huua hata ombi lenye ushahidi. Ukimsamehe mwenzako na kurudiana naye baada ya kosa, kosa hilo limepoteza makali. Na mkipanga pamoja kutunga kosa ili mwachane haraka, hakimu akigundua analitupa ombi.

Kuhusu mali, usitegemee nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2013, kesi ya Rwabinumi, kwamba ndoa peke yake haigeuzi kila mali kuwa ya wote. Mchango hutazamwa, na kazi za nyumbani nazo ni mchango. Tunza risiti.

Upungufu mkubwa uko mwishoni, na karani asipokueleza utaumia: dikrii (amri ya talaka) ya kwanza ni ya muda. Hupita miezi 6, kisha unaiomba ya mwisho, haiji yenyewe. Ukifunga ndoa nyingine kabla ya hapo, umeingia kwenye jinai.