Leica M11 niliyouziwa kama mpya: uzoefu wangu

Niliiona usiku, mezani jikoni, saa tano kasoro, watoto wamelala na chai imeshapoa. Nilikuwa naivalisha kamera mkanda wake. Pete ya upande wa kulia iliingia bila shida. Nilipoigeuza upande wa kushoto, taa ya juu ya jiko ikaipiga ubavuni, na pale juu kidogo ya kishikio cha mkanda, kwenye kona ya sahani ya juu, kile chuma kinachofunika kamera kwa juu, nikaona rangi nyeusi imeondoka. Alama haifiki nusu ya ukucha wa kidole kidogo, imepinda kama mwezi mwandamo. Nikalamba kidole, nikaifuta. Haikufutika.

Nitaje kamera yenyewe kwanza, maana najua kuna watakaosema alama ndogo hivyo mtu mzima anaandikia insha. Ni M11 nyeusi ya Leica, kampuni ya kamera ya Ujerumani. Ilipotoka Januari 2022, hapa Uingereza bodi tupu, bila lenzi, ilikuwa pauni 7,500. Mimi ni dereva wa basi Birmingham. Wikiendi napiga picha za harusi na send-off za Watanzania na Wakenya wa huku. Hela hii niliiweka miaka mitatu, ya harusi peke yake, mshahara sikuugusa, na mama Zuhura ni shahidi kwa sababu alikuwa akihesabu kuliko mimi. Mjomba wangu Tanga nilipomtajia bei alianza kupiga hesabu kwa bodaboda. Alipofika ya saba akanyamaza.

Nilinunua duka moja la kamera London, jina nalihifadhi. Siku yangu ya mapumziko nikapanda treni New Street hadi Euston, nikafika dukani mapema kabla hawajajaa. Muuzaji kijana, mstaarabu, anaijua kazi yake. Akaingia nyuma akatoka na kasha. Stika ya kufungia kifuniko ilikuwa imeshakatwa. Nikamuuliza. Akasema waliifungua ili kuiwekea programu mpya, mteja asisumbuke. Nikaona sawa, hata nikamshukuru. Akaiwasha, nikachungulia kwenye kidirisha, nikabonyeza mara mbili tatu nisikie ule mlio wake mdogo, mwili ukasisimka. Dakika saba hazikufika nikawa nimelipa. Wahenga wanasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kidonda kilikuwepo mbele ya macho yangu na mimi nikaona kinyemi tu.

Sasa usiku ule nikawasha tochi ya simu nikaanza upya, safari hii kama fundi.

Nilikulia kwenye studio ya mjomba, Ngamiani. Mjomba hajawahi kununua kamera mpya maishani mwake, zote mtumba, na somo lake lilikuwa moja: kamera iliyotumika usiitazame usoni, watu huifuta uso kabla ya kuiuza. Itazame mahali vyuma vinapogusana. Basi nikaanzia juu, kwenye reli za kuchomekea flashi. Kulikuwa na mistari miwili iliyonyooka, inang'aa, kila upande mmoja, kama kitu kilichoingizwa na kutolewa mara nyingi. Mimi flashi sikuwa nimechomeka. Nikageuza chini: tundu la stendi limezungukwa na duara la mng'ao, rangi imelika kidogo. Stendi yangu ilikuwa bado stoo, ndani ya begi la harusi ya wiki iliyopita. Pete ya lenzi sikuihesabu, kwa kuwa nilikuwa nimeshavalisha lenzi yangu mwenyewe, na nisingependa kumsingizia mtu.

Kilichonimaliza si mikwaruzo. Nilipiga picha ya kwanza, ya birika la chai, nikaangalia jina la faili. L1000217. Leica huanza kuhesabu L1000001. Namba chache za majaribio ya kiwandani ningezielewa, lakini mia mbili na kitu? Nikafungua kumbukumbu ya ndani, maana M11 ina GB 64 zake mwenyewe mbali na kadi. Tupu kabisa. Walikumbuka kufuta picha, wakasahau namba.

Kwa hiyo hii ilikuwa kamera ya kabatini, ile ambayo kila anayeingia anaomba aishike. Ilivalishwa mkanda, mkanda ukasugua kona. Kuna aliyeipachika flashi. Kuna aliyeifunga kwenye stendi akaifungua. Kisha siku moja stoo ikaishiwa, ikapanguswa, ikarudishwa kwenye kasha, na mimi nikashuka Euston.

Mama Zuhura akaja kunywa maji, akanikuta nimeinama na tochi.

"Kwani hiyo alama ndiyo inayopiga picha, baba Zuhura?"

Sikuwa na jibu. Akaishika, akaitafuta alama, hakuiona mpaka nilipomwonyesha kwa ncha ya kalamu. Akairudisha mezani taratibu kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenzake, akaenda kulala.

Asubuhi nikampigia mjomba kwa video.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hamjambo na baridi lenu?"

Nikamweleza, nikaisogeza kamera karibu na simu. Akavaa miwani.

"Inapiga?"

"Inapiga."

"Fokasi inakubali?"

"Inakubali mjomba, safi kabisa."

"Sasa tatizo nini?" Halafu kabla sijajibu akauliza mwenyewe: "Walikuuzia kwa jina gani? Mpya au mtumba?"

"Mpya."

"Na bei?"

"Ya mpya."

"Basi rudisha. Mtumba si aibu, aibu kuufichia nailoni."

Jibu nililokosa usiku nikalipata hapo. Lenzi ninayotumia na kamera hii ni Summicron ya milimita 50, ya miaka ya themanini, nimeinunua mkono wa pili. Ina michubuko mitatu kwenye pete ya mbele na herufi moja imefutika rangi. Sijawahi kuilalamikia hata siku moja, kwa sababu aliyeniuzia alinipigia picha ya kila mchubuko kabla sijatoa hela, na bei ikashuka kulingana na michubuko. Hata hii kamera, wangeniambia ni ya kabatini wapunguze pauni elfu moja, huenda ningeichukua nikaondoka naimba.

Nikawaandikia duka barua pepe na picha nne. Wakajibu siku hiyohiyo, kwa adabu, kwamba ni alama za kawaida za kushikwashikwa na hazigusi utendaji wa kamera. Yule kijana akanipigia na simu. Nadhani alitaka kunifariji: akasema Leica ikichakaa ndiyo inapendeza, rangi inatoka, shaba inaanza kuchungulia, watu wanalipia hiyo.

Ni kweli wapo. Zile Leica za zamani za waandishi wa habari, rangi nyeusi juu ya shaba, kadiri miaka inavyokwenda kingo zinageuka kama dhahabu, na kuna wakusanyaji wanaozitafuta hivyohivyo. Mwaka 2015 kampuni yenyewe ilitoa toleo la seti 125 lililobuniwa na mwanamuziki Lenny Kravitz, rangi yake imekwanguliwa kwa makusudi kabla haijauzwa ili ionekane imeshazunguka dunia. Nilicheka nilipoisoma, nikakumbuka jinzi zilizochanwa za Kariakoo. Lakini aliyenunua ile alijua anachonunua.

Na kijana alikosea jambo moja jingine, ambalo muuzaji wa kamera hizi hapaswi kulikosea. M11 nyeusi ya kawaida kama yangu haina shaba juu. Sahani yake ya juu ni alumini. Yenye shaba ni ile ya rangi ya fedha, ndiyo maana ile ina gramu 640 na yangu 530. Nyeusi ikichubuka haitoi dhahabu yoyote, inatoa kijivu cha sufuria. Nikamwambia hivyo. Kukawa kimya, kisha akasema atanipa meneja.

Kwa mlioko huku Uingereza: sheria ya haki za walaji ya 2015, inapoeleza ubora wa bidhaa, inataja waziwazi mwonekano na umaliziaji wake, na kutokuwa na kasoro ndogondogo. Inataka pia kitu kilingane na kilivyoelezwa. Una siku 30 za kukikataa na kudai pesa yako. Hapa sasa ndipo niliposhika kichwa: ukishaonyeshwa kasoro kabla ya kununua, au ukiwa umekikagua kitu mwenyewe na kasoro ilikuwa ya kuonekana, kwenye upande wa ubora huna la kudai. Nami nilikuwa nimeishika dakika saba, nikichezea mlio. Kwa hiyo mikwaruzo nikaiweka nyuma. Nikasimamia neno moja lililokuwa kwenye risiti yao wenyewe: mpya. Kamera yenye picha mia mbili na kitu za watu wengine si mpya, hata ingekuwa haina alama moja. Bodi ikija kwenye kasha lililofunguliwa, mimi sasa napiga picha moja palepale kaunta na kusoma namba kabla kadi ya benki haijatoka mfukoni.

Meneja alikuwa mtu mzima. Hakubisha. Kwanza alinipa mkanda wa ngozi wa bure, nikasema asante, mkanda ndio ulioanzisha balaa. Akapanda hadi punguzo la pauni 300. Nikakataa, si kwa kiburi, ila nilishajijua: kila nitakapoishika kidole kitatafuta ile kona. Nikaomba kasha jingine ambalo halijafunguliwa, nilifungue mimi. Akasema hawana, nisubiri. Siku ya tisa wakaniita.

Nirudi kwenye kamera, maana nayo inastahili haki yake na katika haya yote haina kosa, wala walioiunda hawana.

Si kamera ya kila mtu. Haina fokasi ya yenyewe. Unachungulia kwenye kidirisha, katikati kuna kisanduku kidogo chenye picha mbili, unazungusha pete ya lenzi mpaka picha mbili ziwe moja. Wiki za mwanzo nilitoa mabibi harusi wenye masikio makali na macho yenye ukungu. Watoto wanaokimbia ukumbini sahau, hao nawapigia kamera yangu ya zamani. Lakini kwenye nikaha, pale shehe anapomshika mkono bwana harusi na ukumbi mzima umenyamaza, naweza kukaa hatua mbili kutoka kwao nikapiga na hakuna anayegeuka. Kabla ya hapo nilikuwa nasimama nyuma na lenzi ndefu kama mwizi wa kuku.

Picha ni megapikseli 60, na unaweza kuichagulia 36 au 18. Mimi naacha 36. Ile 60 naitoa kwa picha ya ukoo tu, watu arobaini na mabibi mbele kwenye viti, ili kila bibi aweze kukatwa peke yake akaning'inizwe sebuleni. Ngozi zetu inazipokea vizuri hata chini ya zile taa za zambarau ambazo madijei wa Birmingham wamezipenda bila sababu. Nikiangaza sehemu zenye kivuli kwenye kompyuta, weusi unabaki na joto lake, hauwi wa majivu. Betri inanipeleka nikaha na chakula, ya pili inamaliza mduara. Kioo cha nyuma hakikunjuki, ukitaka picha ya chini unapiga magoti, na magoti yangu yanalijua hilo.

Je, picha zake zinazidi za kamera ya pauni elfu mbili kwa thamani ya hizo elfu tano nyingine? Hapana, na atakayekwambia ndiyo ameshanunua. Unalipia namna inavyokufanya upige. Kwangu mimi imetosha, kwako huenda isitoshe, jaribu ya kukodi kwanza.

Siku ya kubadilisha nilikwenda na tochi halisi, ile ya kukagulia matairi ya basi. Kasha lilikuwa na stika yake nzima. Nikaikata mwenyewe, nikaiweka kamera juu ya kitambaa chao cha kijivu na kuanza: reli za flashi, tundu la stendi, kona zote nne, vishikio viwili. Nilichukua dakika ishirini. Nyuma yangu mzee mmoja wa Kiingereza alisubiri, akachoka, mwisho akasogea na yeye akawa anakagua nami, ananionyesha kwa kidole mahali pa kumulika. Hatukupata kitu. Yule kijana alisimama pembeni amekunja mikono. Sikumwonea raha, sera za stoo hakuzitunga yeye.

Kamera naipa nyota nne na nusu, nusu nimeikata kwa ajili ya magoti. Duka mbili kwa namna lilivyouza, moja zaidi kwa meneja. Ningerudi kununua kwao? Kwa kitu chenye stika, ndiyo.

Kabla sijaondoka kaunta niliweka lenzi na betri, nikabonyeza mara moja. L1000001 ni mkono wa meneja umeshika risiti, umetoka ukungu kwa sababu zile picha mbili sikuzikutanisha vizuri. Bado ninayo.