Walinibadilishia dashibodi, kumbe ugonjwa uko kwenye bolti

Gereji yenyewe siitaji jina, lakini sirudi tena. Au labda nitarudi, kwa sababu ya mtu mmoja tu, nitamfikia. Kwanza niacheni nitoe dukuduku.

Tatizo langu lilikuwa rahisi kulieleza. Mchana gari linatembea vizuri, mshale wa joto umetulia chini kidogo ya katikati kama siku zote. Jioni nikiwasha taa kubwa, mshale unaruka. Sisemi unapanda, nasema unaruka, papo hapo, hadi jirani na ile alama nyekundu. Nikizima taa unarudi ulipokuwa. Nikiwasha indiketa, mshale wa mafuta nao unaanza kutikisika, unakwenda na mlio wa indiketa. Na taa zenyewe za mbele zilikuwa zimefifia, zinamulika kwa kujilazimisha.

Mimi si fundi. Ila najua maji ya injini hayajui kama nimewasha taa. Hayawezi kuchemka kwa sababu nimegusa swichi, halafu yakapoa nilipoizima. Gari likichemka kweli mshale unapanda taratibu, na hapo unasimama pembeni na kuzima injini bila ubishi. Huu wangu ulikuwa unadanganya, na ulikuwa unadanganya kwa ratiba. Nikamweleza fundi mkuu hivyo hivyo, neno kwa neno. Alinisikiliza huku macho yako kwenye simu, kisha akasema, tena kwa sauti ya kutosha vijana wake wasikie: "Dada, wewe kazi yako kuendesha. Mambo ya umeme tuachie wenyewe."

Wakacheka. Sawa.

Wakabadilisha sensa ya joto. Mshale ukaruka. Wakabadilisha themostati, ile valvu ya maji ya injini. Ukaruka. Wakaja na habari ya mfuniko wa rejeta, nao ukabadilishwa, ukaruka vilevile. Kila nikirudi nawaambia sentensi ile ile: unaruka nikiwasha taa. Na kila mara gari linapimwa mchana kweupe, taa zimezimwa, mshale umetulia, wananikabidhi funguo wanasema limepona. Yaani mgonjwa anawaambia panauma nikiinama, nao wanampima akiwa amesimama.

Kuna siku nilidhani wamefika. Fundi mkuu alichukua mita, akaiweka kwenye alama ya kupima ukinzani, yaani jinsi njia inavyouzuia umeme kupita, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi. Mita ikapiga mlio. Akanigeukia na kusema, "Umesikia? Ethi ipo, nzima kabisa." Ethi ndiyo waya inayorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Akafunga boneti. Basi hukumu ikatoka: dashibodi yenyewe ndiyo mbovu. Ikaletwa nyingine, iliyotolewa kwenye gari jingine la aina hiyo hiyo, ikafungwa. Giza lilipoingia nikawasha taa, mshale mpya ukaruka hadi pale pale ulipokuwa unafika wa zamani.

Nilirudi asubuhi nikiwa sitaki hata kusalimia. Fundi mkuu hayupo. Yupo kijana mmoja mkimya, saidia fundi, wa kuosha vipuri na kutumwa spana. Akaniuliza, "Mama, linafanyaje?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Likiruka ni papo hapo?" Nikataka kulia. Muda wote huo, huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali.

Akafungua boneti, akaniomba nikae ndani niwashe injini na taa kubwa. Mshale ukaruka. Akachukua ile waya nene ya kuwashia gari lililozimika betri, akabana upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha bodi. Mshale ukashuka. Ulishuka naangalia, na taa zikang'aa ukutani mbele yangu. Akaichomoa waya, mshale ukapanda, taa zikafifia. Akaibana tena, ukashuka. Mimi nimeduwaa na usukani mikononi.

Kisha akaleta mita ile ile ya bosi wake, ila hakuiweka kwenye ukinzani. Aliiweka kwenye volti, taa zikiwa zinawaka, ncha kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi. Ilisoma karibu volti 2. Akanieleza kwa upole kwamba hapo inatakiwa isome karibu na sifuri, 0.1 au 0.2 hivi, na ikizidi ujue umeme unapata shida kurudi kwenye betri. Kile kipimo cha bosi kilipiga mlio kwa sababu mita inapopima ukinzani inapitisha umeme kiduchu mno. Hata waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utapita mtihani huo. Mpe mzigo wa taa ndipo utamjua.

Sasa kwa nini mshale wa joto? Hapa naandika nilivyoelewa kwake. Gari langu ni la zamani kidogo, sensa ya joto imekaa kwenye injini na inatuma habari kwa waya mmoja tu hadi kwenye geji, ile saa yenye mshale. Njia yake ya kurudi ni chuma cha injini chenyewe. Dashibodi nayo inarudisha umeme wake kupitia bodi. Injini imekalia raba, kwa hiyo haigusani na bodi, na kinachounganisha hizi pande mbili na hasi ya betri ni nyaya za ethi. Wangu wa injini ulikuwa mzima. Ule wa bodi ndio uliokuwa umelegea kazi. Nikiwasha taa, umeme wa taa unasongamana pale penye ethi mbovu, bodi inapanda volti, injini haipandi. Geji inaona tofauti hiyo na kuisoma kama joto. Sensa ya aina hii ukinzani wake hupungua injini inapopata moto, na tofauti ile kwa geji inafanana na ukinzani uliopungua, basi ikaamini injini imepata moto. Hakukuwa na kitu kilichoharibika kwenye dashibodi. Dashibodi ilikuwa inasoma kwa uaminifu uongo iliokuwa inaletewa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa chini ya kisahani cha betri. Kijana alichomoa kwanza hasi ya betri, akafungua bolti iliyoshika waya wa ethi kwenye bodi, akanionyesha. Jicho la waya lilikuwa na unga wa kijani na mweupe, na chini yake kulikuwa na rangi ya gari juu ya kutu. Yaani waya umekandamizwa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Akasugua kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka chuma kikang'aa upana wa sarafu. Jicho la waya nalo akalisafisha pande zote mbili, akakaza, akapaka grisi kwa juu baada ya kukaza, si kabla. Akapima tena taa zikiwaka: 0.05. Nikawasha indiketa, mshale wa mafuta ukakaa kimya.

Hapo nilitaka kuifutia gereji makosa yote, niwape sifa zao, ninyamaze. Mwenye kijana kama huyu hawezi kuwa mbaya hivyo, nikajisemea.

Ndipo fundi mkuu akaingia. Kijana akamweleza kwa heshima zote. Bosi akaitazama bolti, akanitazama mimi, akasema, "Si nilikwambia ni mambo ya umeme?" Kisha akamtuma kijana akaoshe vipuri.

Na bado hamjasikia habari ya kilomita. Gari kama langu, hesabu ya kilomita inakaa ndani ya dashibodi yenyewe. Kwa hiyo sasa gari langu linasoma safari za gari la mtu nisiyemjua. Sijui nibadilishe oili lini, na siku nikitaka kuliuza nitamweleza nini mnunuzi, nimuapie? Nimeomba dashibodi yangu irudi, ile nzima isiyo na kosa lolote. Mara ya kwanza nimeambiwa iko stoo. Mara ya pili nimeambiwa inatafutwa. Majuzi nimeambiwa vipuri vibovu huwa havirudishwi. Kibovu kipi?

Kijana nampa nyota zote tano, ni zake mwenyewe, gereji isijihesabie hata moja. Akihamia kwingine naomba mnijulishe, namfuata na gari langu. Gereji naipa moja, kwa sababu haiwezekani kutoa sufuri. Dashibodi yangu ije kwanza, ikiwa na kilomita zangu, ndipo tuongee habari ya nyota ya pili.