Vifuniko vya magurudumu ya nyuma: chuma au faibaglasi?

Mwenye gari la kale, tuseme Jaguar Mark VII ya miaka ya 1950, anayetaka kurejesha vifuniko vya magurudumu ya nyuma, yaani mabamba ya bodi yanayoziba sehemu ya juu ya gurudumu, akiwa Mbeya atalazimika kuchagua kati ya chuma na faibaglasi. Chuma ni kizito na hushika kutu, hasa upande wa ndani ambako tope la njia za Tukuyu hukaa likiwa bichi kwa siku nyingi. Hata hivyo kikibonyea, fundi bodi yeyote hukinyoosha kwa nyundo, akakipaka puti na rangi kikarudi kama awali. Faibaglasi haishiki kutu na ni nyepesi, jambo lenye manufaa pale pancha inapokulazimu kuifungua kando ya barabara, lakini ikigongwa na jiwe hupasuka, na kingo zake mara nyingi huhitaji kusuguliwa ndipo zilingane na madigadi. Kwa barabara zetu, mimi ningechagua chuma.

Vyovyote iwavyo, kipime kifuniko gari likiwa limebeba mzigo, kwa kuwa tairi pana kuliko la asili huweza kukikwaruza, kisha uweke mpira ukingoni ili kisichubue rangi.